Mkanda Niliokaza Mpaka Ukanyamaza

Hakuna kitu cha gari kinachoweza kunishangaza. Anayetaka kubisha aje nyuma ya soko la Kakamega, kule kwenye gereji, aulize ni nani aliyefungua injini ya lori kwa spana mbili na bisibisi moja, mvua ikinyesha, akaifunga tena na lori likaondoka siku hiyo hiyo na mzigo wake. Ataonyeshwa duka langu la spea. Ukuta wake ni wa mawe, si wa mabati kama wa wale majirani. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Waliomaliza shule wananunua kwangu, na wengine wanaomba wapunguziwe.

Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba mambo haya hayakumpata mtu asiyejua. Yalinipata mimi, na mimi najua.

Mkanda wa injini ni kitu kidogo sana. Ni mpira mweusi unaozunguka puli tatu: moja iko chini, inazungushwa na injini yenyewe, moja ni ya alternata inayochaji betri, moja ni ya pampu ya maji inayopoza injini. Mkanda ukilegea unateleza, unalia, betri haichaji, injini inapata joto. Ukikazwa kupita kiasi haulii hata kidogo. Unanyamaza kabisa, lakini unazivuta zile puli upande mmoja kila dakika unayoendesha, mpaka beringi za ndani zinakwisha. Ndiyo maana unapimwa. Unazima injini na kuiacha ipoe. Unaweka kidole gumba katikati ya sehemu ile ndefu kati ya puli mbili, unabonyeza kwa nguvu. Ukishuka upana wa kidole kimoja, uko sawa. Ukishuka vidole viwili, kaza. Ukikataa kushuka, legeza, hata kama una haraka ya namna gani. Kuna mafundi wanaougeuza ubavu kwa vidole waone unafika wapi. Mimi ni mtu wa gumba. Kwa gumba hili nimejenga nyumba tatu.

Gari langu lilikuwa la viti saba, la dizeli, rangi ya fedha. Lilianza kulia wiki mbili kabla ya safari ya Lumakanda. Asubuhi nikiliwasha lilipiga kelele kama nguruwe aliyeshikwa miguu, halafu likipata moto linanyamaza. Jirani alianza kunitania juu ya ua: "Leo umechelewa kuchinja!" Niliupaka mkanda sabuni ya mche, jinsi watu wanavyofanyanga huku kwetu. Ulinyamaza siku mbili, ya tatu ukalia zaidi. Nilijua sabuni si dawa. Gerejini nimemfukuza mtu kwa kufanya hivyo hivyo. Lakini sikuwa na wakati wa kutafuta dawa, nilikuwa natafuta kimya.

Nieleze kwa nini. Mwanangu wa kwanza alikuwa amepata mchumba Lumakanda, na sisi tulikuwa tumepewa Jumamosi ya kwenda kuzungumza mahari. Wale watu ni wakulima wa mahindi, wa mashamba makubwa ya skimu ya makazi. Baba ya msichana ana trekta mbili na mashine ya kupukuchua. Mtu wa namna hiyo akisikia mkanda unateleza getini kwake hahitaji kuambiwa ni nini. Angejua kabla sijashuka kwamba anayekuja hawezi hata kutunza gari lake. Mimi, mwenye duka la spea! Nilitaka niingie pale kimya, gari limeoshwa, nishuke, niketi kwenye kiti cha baba ya kijana, na wakati wa kutoa bahasha nisimame niitoe kwa mkono wangu. Hilo tu ndilo nililotaka siku hiyo. Sikutaka kingine.

Na hapo lazima nimtaje ndugu yangu mkubwa, ingawa sipendi.

Ndugu yangu alikuwa mwalimu mpaka akastaafu. Zamu yake ya kwenda sekondari ilipofika, baba aliuza mtamba. Zamu yangu ilipokaribia, hakukuwa na mtamba, na mimi nikashika panga nikaingia kwenye miwa ya watu. Sijawahi kusikia akisema pole kwa hilo. Wala hajawahi kunikosea. Angenikosea hata mara moja ningepumua. Ukoo wetu una desturi yake: kukiwa na msiba au harusi, watu wanasema, "Mwalimu asimame atuongoze." Anasimama, anaongea vizuri, wamama wanafuta machozi. Halafu wanasema, "Sasa ndugu yake atusaidie." Yaani yeye husema na mimi hutoa. Miaka yote imekuwa hivyo. Kwa hii mahari ya mwanangu niliwaambia mapema: msemaji ni jirani yetu, mzee mmoja wa kanisani mwenye ulimi mwepesi, baba ni mimi, mwalimu atakuja, lakini atakaa tu, ale, arudi.

Ijumaa alasiri nilifungua boneti pale uani. Ndugu yangu alikuja kuuliza tutaondoka saa ngapi, akavuta kigoda, akakaa kunitazama. Juu ya bampa nilikuwa nimeweka mkanda mpya kutoka dukani, wa akiba, ungali ndani ya ganda lake la karatasi. Akauokota. Akavaa miwani. Mtu huyu hawezi kuona maandishi akayaacha.

"Bado inalia?" akauliza.

"Kesho haitalia."

"Hapa nyuma wameandika kwamba mkanda ukilia, kabla ya kukaza uangalie kama umelowa maji au mafuta. Halafu utoe mkanda, uzungushe kila puli kwa mkono uone kama inacheza."

"Mwalimu, aliyeandika hayo hajawahi kupita barabara ya Malava."

"Na wewe umeyasoma?"

"Niyasome ya nini? Nauza mia moja kwa mwaka."

"Nimeuliza tu, ndugu yangu."

"Kule darasani ulikuwanga unauliza na watoto wanainua mikono. Hapa hakuna mtoto. Chaki uliiacha kule."

Mama watoto alikuwa mlangoni mwa jikoni akichambua mboga. Akasema, "Baba watoto, si umwache asome. Pengine kitu kitasaidia."

"Kikusaidie wewe kuwashia jiko," nikamjibu.

Ndugu yangu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, akarudisha mkanda kwenye ganda taratibu kana kwamba ni cheti.

Nililegeza bolti mbili za alternata. Nikaingiza mtaimbo kati ya alternata na injini, nikavuta, nikakaza bolti. Nikamwambia mama watoto awashe. Gari likalia. Nikalegeza, nikavuta tena. Likalia, lakini kidogo. Mara ya tatu niliweka mguu juu ya bampa nikavuta kwa mgongo wote, mishipa ya shingo ikanitoka, nikakaza. Akawasha. Kimya. Injini ilinguruma peke yake, safi, kama siku niliyoinunua.

"Umesikia?" nikasema.

Ndugu yangu akanyanyuka akaja karibu. "Hebu bonyeza nione inashuka kiasi gani. Wanasema upana wa kidole."

Nikamwambia mama watoto azime. Nikaweka gumba langu juu ya mkanda, mbele ya macho yake, nikabonyeza. Haukushuka. Ilikuwa kama kubonyeza meza. Nilijua wakati huo huo. Mtu wa gerejini angenionyesha mkanda wa namna ile ningemtukana mpaka akimbie. Na pembeni mwa puli ya pampu niliona alama ya maji, mstari mweupe wa chumvi chumvi, ule unaobaki maji yakivuja kidogo na kukauka. Kumbe pampu ndiyo iliyokuwa inalowesha mkanda asubuhi. Niliiona kwa macho yangu mawili.

"Safi," nikasema, nikafunga boneti.

Hilo neno moja. Nimelirudia kichwani mara nyingi. Kama angekuwa mtu mwingine yeyote amesimama pale, hata mteja, hata adui, ningefungua boneti tena nikalegeza. Lakini alikuwa yeye, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. Nikajiambia kwamba ni safari moja tu, Lumakanda na kurudi, Jumatatu nitalegeza na pampu nitabadilisha. Pampu ninazo dukani, zimejaa rafu.

Asubuhi nililiwasha nikiwa nimevaa suti. Kimya.

"Unasikia?" nikamuuliza mama watoto.

"Nasikia nini?"

"Ndiyo hivyo."

Tuliondoka saa moja na nusu kwa magari mawili. Langu lilitangulia, nikiwa na mama watoto, kijana, yule jirani msemaji na shangazi wawili, pamoja na mablanketi, sukari na suti ya mkwe. Nyuma yetu lilikuwa gari la kukodi na watu wengine wa ukoo, ndugu yangu akiwa mbele na dereva. Tulitakiwa tuwe getini saa nne. Kila mtu anajua mambo ya wakwe: ukichelewa dakika unapigwa faini, na wao wanaitamani ile faini, wanaisubiri na saa mkononi. Msemaji wetu alikuwa anachekesha watu garini akifanya mazoezi ya kukataa faini. Mimi nilikuwa naendesha kwa raha, dirisha wazi, nikisikiliza kimya changu.

Tulipoipita Malava taa nyekundu ya betri ikawaka.

"Hiyo taa ni ya nini?" mama watoto akauliza.

"Ya kuonyesha gari liko macho."

Msemaji akacheka. Mimi sikucheka. Nilisikia harufu ya mpira, na chini yake mlio mwembamba wa chuma, kama kisu kikinolewa nyumba ya tatu. Pale ndipo nilipotakiwa kusimama. Nikatazama kioo nikaona gari la kukodi liko nyuma yangu karibu, na miwani ya ndugu yangu inang'aa. Nikaendelea. Niliendesha kama kilomita mbili huku mshale wa joto ukipanda, nikijua ninachokifanya, kwa sababu sikutaka kusimama huyo mtu akiwa nyuma yangu. Kisha kitu kikapiga ndani ya boneti kama kofi, na mvuke mweupe ukafunika kioo chote.

Tulisimama kando ya miwa, hatujafika Matete. Nilifungua boneti kwa leso. Mkanda ulikuwa umechanika vipande vipande, umezunguka feni kama utumbo. Puli ya pampu ilikuwa imelala upande. Niliishika. Ilicheza kama jino la mtoto, na maji ya kijani yakanitiririkia kwenye mkono wa suti.

Watu wote walishuka. Ndugu yangu alikuja, akachungulia, akanitazama. Nilisubiri aseme. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyanoa. Alivua koti, akaanza kuhamisha mablanketi na sukari kwenda gari la nyuma, yeye na umri wake wote. Angesema neno moja tu ningemshukuru.

Mwanangu akanijia. "Baba, twende. Tumebanana, lakini nafasi yako iko, pale mbele."

"Nani atabaki na gari?"

"Tutamwachia mtu wa hapa alichunge. Tutalivuta kesho."

"Nina mkanda mpya. Dakika ishirini niko nyuma yenu."

"Baba, pampu imekufa. Hata mimi naona."

"Wewe ni mtu wa kompyuta. Ingia kwenye gari."

Mama watoto akanishika mkono uliokuwa na mafuta, wala hakujali. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, leo ni siku ya mtoto. Si siku ya gari."

Nilimsikia. Nimeishi naye miaka mingi na hiyo ni moja kati ya mara chache ambazo nilimsikia vizuri. Lakini kuingia kwenye lile gari kungekuwa ni kukaa mahali pa ndugu yangu na yeye asogee nyuma, anipishe, kwa adabu yake ile, nikiwa na mkono uliolowa, mbele ya ukoo mzima. Nikainamisha kichwa ndani ya injini.

"Mzee, wale watu watatupiga faini," msemaji akasema.

"Nitalipa mimi. Endeni. Si nimesema dakika ishirini?"

Waliondoka. Mwanangu alikuwa anatazama nyuma kupitia kioo mpaka kona ikawaficha.

Nilisubiri injini ipoe. Nikaomba maji kwa wamama waliokuwa wakipalilia, wakanipa kwa mtungi wa plastiki na wakaniuliza kama naenda harusini. Nikasema ndiyo. Nikafunga mkanda mpya, na safari hii niliupima. Niliukaza kidogo, nikabonyeza, nikalegeza kidogo, nikabonyeza, mpaka gumba likashuka upana wa kidole kimoja kamili. Nadhani sijawahi kupima mkanda vizuri kama nilivyoupima ule, kando ya miwa, peke yangu, hakuna hata mtu mmoja wa kuona. Nikawasha. Ilizunguka vizuri. Nikaenda kilomita moja na nusu, puli ikayumba, mkanda ukaruka. Nikasimama, nikasubiri, nikaurudisha. Mita mia tano, ukaruka tena.

Simu ililia. Ilikuwa ni kijana. Sikuishika, nilijiambia kwamba mikono ina mafuta. Ikalia tena. Saa sita kasoro akapiga mama watoto, na yake nikaishika.

"Wanauliza baba ya kijana yuko wapi."

"Waambie niko karibu."

"Karibu wapi?"

"Karibu."

Nilisikia watu wakicheka nyuma yake, na vyombo. Akasema, "Haya," akakata. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe.

Nilifika Matete nikivutwa na trekta ya miwa kwa kamba, mimi niliyeosha gari mara mbili ili watu wa trekta wasinicheke. Pale kuna kibanda cha fundi. Alitoka mtu mmoja mwenye ovaroli ya buluu, akaingiza mkono, akatikisa puli ya pampu, akapiga mluzi.

"Mzee, hii pampu imevutwa upande mpaka imelia mama. Nani alikukazia mkanda? Alikuwa anafunga ng'ombe?"

"Fundi mmoja wa Kakamega."

"Basi huyo usirudi kwake."

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, ili nifanane na wao. Nikamwachia funguo, nikachukua pikipiki mpaka Lumakanda na koti langu nimelikunja magotini.

Nilifika saa nane na nusu. Pale getini hakukuwa na wamama wa kuniziba njia na kunidai chochote. Walikuwa wameshamaliza, walikuwa wanaosha masufuria. Mmoja aliniangalia shati, akaniangalia mikono, akasema kwa heshima kabisa:

"Karibu. Ni wewe fundi wa jenereta? Iko nyuma ya jikoni."

"Mimi ni baba ya kijana."

Akageuka akatazama hema, akanirudia mimi. "Baba ya kijana si yule?"

Ndugu yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kile chenye kitambaa cheupe, karibu na mkwe. Walikuwa wakicheka kitu. Mbele yake kulikuwa na sahani ya mifupa ya ingokho, kuku wa wageni, na mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba aliyekaa pale ndiye aliyewekewa firigisi, kipande cha mwenye heshima. Baadaye nilielezwa ilivyokwenda, na waliponieleza walieleza kwa upole, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Wazee wa upande wa msichana walikataa kuanza. Walisema hawazungumzi na kijana asiye na baba, na kama baba hayuko, wageni wanywe chai warudi siku nyingine. Msichana alikuwa ndani analia. Msemaji wetu, yule mwenye ulimi mwepesi, ulimi ulimkauka. Ndipo mama watoto, mke wangu, akasimama akasema, "Baba yake mkubwa yuko hapa. Kwetu baba mkubwa ni baba."

Na ni kweli. Kwetu ni baba. Hakuna mtu aliyevunja desturi, hakuna mtu aliyenikosea. Hata mimi ningekuwa nyumba ya mtu mwingine ningesema vivyo hivyo. Na ndugu yangu aliongea. Aliwashawishi wapunguze ng'ombe wawili, akawachekesha, akamsimamisha mwanangu amsalimie mama mkwe kwa maneno ambayo mimi nisingeyapata hata ningelipwa.

Nilipoingia hemani alisimama mara moja. "Karibu, ndugu yangu. Kaa hapa. Kiti ni chako."

Mzee wao wa daftari, yule aliyeandika makubaliano, akainua mkono. "Mwalimu, kaa tu. Sisi tumeshafunga."

Mkwe akanisalimia vizuri. Akasema pole kwa gari. Akaniuliza kama ni mkanda.

Daftari lilikuwa juu ya meza. Nikaomba nilione. Ukurasa mmoja, makubaliano yote: ng'ombe, blanketi, suti, na chini yake: Baba wa kijana. Hapo palikuwa na jina la ndugu yangu kwa mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni, na sahihi yenye mkia. Nikasema pale pabadilishwe.

"Mkwe," mzee wa daftari akasema, na niliona macho yake yanaanza kufurahi, "daftari likishafungwa halifunguliwi bure. Kuna faini ya kuchelewa. Halafu kuna faini ya kufungua daftari."

Watu wao wakapiga makofi, maana hiyo ndiyo michezo yenyewe, na faini ni kicheko siku zote. Lakini mwanangu hakucheka. Alisema, hata bila ya kusimama, "Baba, wacha tu. Si lazima."

"Ni lazima," nikasema.

Mzee akafungua daftari. Akaweka kalamu juu ya ule mstari, akasita, akaiondoa. Akasema karatasi ya mahari haikatwikatwi, mtu akiiona imekatwa atadhani tuligombana, na hapa hatukugombana. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Ndugu yangu akasema, "Basi muandikeni juu yangu, nafasi iko ndogo pale," lakini nafasi haikuwepo, kila mtu aliona. Kwa hiyo mzee akashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye orodha ya waliohudhuria, baada ya shangazi, baada ya msemaji, baada ya dereva wa gari la kukodi, akaandika jina langu, na mbele yake: mzazi, alifika mwisho. Akanipa kalamu. Nilitia sahihi polepole, maana mimi huandika polepole, na hema lote likanisubiri mpaka nilipomaliza herufi ya mwisho. Alama ya gumba langu ya mafuta ilibaki pembeni ya karatasi.

Bahasha ilikuwa imeshatolewa. Kijana alikuwa ameichukua kutoka kwenye mfuko wa mama yake, na ndugu yangu ndiye aliyesimama akaitoa. Ilikuwa pesa yangu. Waliniletea chakula, obusuma baridi, ugali wa kwetu, na shingo ya kuku, nikala.

Ile injini ilihitaji kufunguliwa yote, na pampu nilichukua rafuni kwangu. Hayo siyaweki hapa, ni kazi yangu na bei zake nazijua. Nahesabu kile tu nilichotoa pale hemani, kwa noti zilizolowa mafuta, ili niandikwe kwamba mimi ni mzazi wa mtoto niliyemzaa: elfu mbili za kuchelewa, elfu moja na mia tano za kufungua daftari, na mia mbili hamsini ambazo mzee mmoja wao aliongeza, akasema ni za kuingia kwa wakwe na mikono michafu. Sikubishana naye. Shilingi elfu tatu, mia saba na hamsini.